Kesi ya Mbeleko katika Nchi ya Usiachie

Ipo nchi inaitwa Usiachie. Haiko mbali kama mnavyodhani, ila njia ya kuifikia siielezi, maana anayefika kule huwa anafika huku akiwaza mambo mengine. Tuanzie tu pale Bi Sikudhani alipoingia mjini, asubuhi, jua limeshapanda kidogo, mjukuu wake Shomari amelala mgongoni ndani ya mbeleko.

Mbeleko yenyewe ilikuwa kanga kuukuu ya rangi ya zambarau, ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama sikio la paka. Ilipita chini ya makalio ya mtoto, ikapanda juu ya bega moja na chini ya kwapa la pili, ikaishia kwenye fundo kifuani. Shomari alikuwa na desturi yake. Hata akilala fofofo, mkono mmoja lazima uwe umeshika butu la nywele za bibi yake, lile la nyuma ya sikio la kushoto. Ukijaribu kulitoa, anaamka.

Alikuwa anapelekwa kwa mama yake. Tausi, binti wa Bi Sikudhani, alikwenda kusomea uuguzi ng'ambo ya nchi ile, akamwachia mama yake mtoto hata kukaa hajui. Sasa Shomari alikuwa anakaa, anatambaa, ana meno mawili ya chini na moja la juu lililowatangulia wenzake. Na Tausi alikuwa amemaliza masomo na kuleta salamu fupi: Mama, niletee mwanangu.

Basi Bi Sikudhani alipoona watu barabarani alifurahi, akapunga mkono. "Hamjambo jamani!"

Hakuna aliyempungia. Akadhani hawakumwona, akapunga mikono yote miwili. Watu wakasimama wakamkodolea macho, kama mtu aliyetoka nje akasahau kuvaa. Mmoja mmoja wakajibu kwa kuinua kidevu, kisha wakakumbatia vitu vyao kwa nguvu zaidi.

Maana kila mtu alikuwa ameshika kitu. Huyu sufuria, yule kiatu kimoja, wa tatu amekumbatia mbuzi. Mzee mmoja alishika mwavuli uliobaki njiti tupu, kitambaa chake kilikwisha zamani za baba yake. Bi Sikudhani akaenda mpaka nyumba ya kwanza aliyoiona, na pale mlangoni alisimama mama mmoja mnene mwenye uso wa kucheka, jina lake Kumbatia, ameushika mlango. Haukuwa na bawaba wala komeo. Ulikuwa ubao mtupu. Akitaka kufungua anausogeza, akitaka kufunga anaurudisha.

"Shikamoo, bibi," alisema Kumbatia. "Karibu. Unisamehe, siwezi kukupa mkono."

"Marahaba, mwanangu. Mlango wako umeharibika?"

"Haujaharibika hata kidogo. Si unaona nimeushika?"

"Na ukitaka kupika?"

"Mume wangu ananishikia."

"Yeye hana cha kushika?"

"Ana ngazi. Lakini dada yake anamshikia ngazi, yeye ananishikia mlango, na jirani anamshikia dada yake kuku."

"Na jirani je?"

Kumbatia akashusha pumzi. "Ndiyo hapo sasa. Jirani leo anaumwa tumbo. Kwa hiyo hatujapika."

Bi Sikudhani akacheka mpaka Shomari akatikisika mgongoni, akakaza kidole kwenye butu. Kumbatia akachungulia. "Mtoto mzuri! Hata usingizini kashika. Huyu atakuwa raia mwema."

Hapo ndipo Bi Sikudhani alipoelezwa sheria ya nchi, na sheria yenyewe ilikuwa moja tu. Kitu kisichoshikwa hakina mwenyewe. Ukikiachia, hata kwa kupiga chafya, si chako tena. Ndiyo maana nchi nzima haikuwa na rafu, wala msumari wa kutundikia kofia, wala meza, kwa kuwa nani angekuwa mjinga wa kuweka kitu chake mezani kikawa si chake? Watu walilala wamekumbatia mali zao na kula kwa kulishana. Neno lililotumika kuliko yote lilikuwa "nishikie". Kijana akitaka kuchumbia hakusema nakupenda, alisema, "Nitakushikia mpaka uzeeni," na msichana, kama amekubali, alimpa ndoo amshikie, halafu akaenda kujikuna mgongo kwa raha zake.

Vyeo navyo vilipatikana hivyohivyo. Waziri Mkuu wa nchi ile alishika kiti kwa mikono miwili, na tangu akishike hajawahi kukikalia, maana ukikaa utakishikaje? Kila mwaka wananchi walipewa nafasi ya kuja kumtazama alivyokishika. Na sokoni palikuwa na mtu ameshika ncha ya kamba nene, anavuta kidogo, anasikia inavutwa, anarudi kukaza miguu. Ukiifuata kamba ile ilikatiza mashamba mpaka soko la pili, na kule ukakuta mtu mwingine, naye anavuta kidogo, anasikia inavutwa, anakaza miguu. Koo mbili zilikuwa zikipokezana kamba ile tangu enzi za mababu. Iliitwa Kamba ya Taifa. Haikuwa imefunga kitu chochote, na Bi Sikudhani akauliza kwa nini wasiifunge mahali.

"Kufunga ndiyo nini?" aliuliza Kumbatia.

Bi Sikudhani akagusa fundo lake kifuani ili amwonyeshe. Lakini kabla hajasema neno, kivuli kirefu kikaangukia mlangoni.

Alikuwa Bwana Nyakuo, Mwokotaji Mkuu wa Serikali. Mikono ilimfika magotini, na katika nchi nzima ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kutembea mikono mitupu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuokota. Alikuwa amesikia kuna mgeni anayepunga, akadhani kaletewa mpinzani.

"Mama," alisema, "hebu nyoosha mikono."

"Hii hapa, mwanangu."

"Juu."

Akanyoosha juu. Nyakuo akamzunguka, polepole, kama anayekagua ng'ombe wa mnadani.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Wangu. Wa binti yangu."

"Nani kamshika?"

"Mbeleko."

"Mbeleko ni mtu?"

"Mbeleko ni kanga, baba."

Nyakuo akavuta pumzi kifua kikajaa, akapiga ile kelele ya kiserikali: "Kimeachwa!" Mtaa mzima ukaipokea: "Kimeachwa! Kimeachwa!"

Bi Sikudhani akarudisha mikono nyuma haraka, akamkumbatia mtoto kwa viganja viwili. "Sasa je? Si nimemshika?"

"Umechelewa, mama. Kelele imeshapigwa. Ila usihofu, serikali haili watoto. Atawekwa ghalani. Kuna washikaji wa zamu pale, watamshika usiku na mchana mpaka akue apate nguvu za kujishika mwenyewe."

"Na mama yake anayemngoja?"

"Mama yake," alisema Nyakuo kwa upole, "angemshika."

Bi Sikudhani hakuwa mtu wa kulia mbele ya wageni, akakaza fundo la mbeleko. "Nipelekeni kwa mkubwa wenu."

Wakaenda mahakamani, na Kumbatia akafuata nyuma kuwa shahidi, amebeba mlango wake.

Mahakama ya Usiachie ilikuwa banda kubwa la makuti lenye nguzo pande zote, na kila nguzo ilishikwa na mfungwa. Hao ni waliotiwa hatiani kwa kudondosha vitu. Hukumu yao ilikuwa kushika nguzo ili paa lisianguke. Mbele kabisa alikaa Hakimu Fumbato, mzee mwenye nyusi nyeupe zilizochomoza kama vibaraza, amepakata mtungi. Mtungi ulikuwa mtupu. Aliachiwa na hakimu aliyemtangulia, aliyemwambia, "Nishikie kidogo nakuja," akaenda zake na hadi leo hajarudi. Hivyo ndivyo Fumbato alivyopata uhakimu.

"Mwokotaji," alisema hakimu, "sheria inasemaje maana ya kushika?"

Nyakuo aliisema kwa kichwa, kwa kuwa nchi ile haikuandika, nani angepata mkono wa kuandikia? "Kushika ni kiganja na vidole, Mheshimiwa. Vidole vikikunja kitu, kimeshikwa. Visipokunja, kimeachwa."

"Mgeni, una neno?"

"Nina swali, mzee wangu," alisema Bi Sikudhani. "Mwezi jana mjukuu wangu huyu alishikwa na homa. Sasa nataka kujua, homa ilimshika kwa vidole gani?"

Banda likavuma. Msomi mmoja aliyekuwa ameshika ndevu zake mwenyewe akasimama akasema homa inavyo vidole, ila ni vyembamba sana. Msomi mwenzake, aliyeshika ndevu za yule wa kwanza, akasema uongo, homa ina kiganja tu. Wakavutana, na mwenye ndevu akaumia.

"Na moto ukishika kuni?" aliendelea Bi Sikudhani, maana sasa alianza kuona raha. "Na rangi ikishika nguo? Na mwanafunzi anayeshika masomo haraka, anayashika na nini? Na mtu aliyeshika dini?"

"Hilo jepesi," alijibu mtu mmoja wa heshima, kifuani amekumbatia kitabu kinene. "Mimi ndiye niliyeshika dini hapa mjini. Si mnakiona?"

"Umeshakisoma, mwanangu?"

"Nitakifunguaje, bibi, na mikono yote miwili imekishika?"

Hakimu Fumbato akafumba macho. Alisema neno hilo, kushika, limekuwa kubwa kuliko mahakama. Alisema wazee walilijadili enzi hizo wakashindwa hata kukubaliana nani alishike wakati wengine wanalijadili. Alisema atatafakari kidogo. Na katika ule utulivu wa kutafakari, Shomari akaamka.

Aliamka na njaa kidogo na furaha nyingi, kama kawaida yake. Ndani ya mbeleko, kati ya tumbo lake na mgongo wa bibi, mlikuwa na kijiko chake cha mti, cheusi kwa kung'atwa. Akakitoa kwa ule mkono usiokuwa na butu. Akawaonyesha watu wote. Kisha akakiangusha.

Wasomaji wangu wenye watoto mnaujua umri ule. Lakini watu wa Usiachie walipiga ukelele kana kwamba paa limeanguka. Mama mmoja akaziba macho ya mwanawe kwa kiwiko. Kijiko kikabingirika mpaka miguuni pa hakimu, na hakimu, bila kujua anafanya nini, akaushika mtungi kwa mkono mmoja, akainama akakiokota.

"Ni chako, Mheshimiwa," alisema Nyakuo. "Kisheria."

Shomari akanyoosha mkono. Kile kijino cha juu kikamchungulia hakimu. Hakimu akakitazama kijiko. Akamtazama mtoto. Akampa.

Shomari akacheka. Akakiangusha tena.

Mara hii ukelele ulikuwa mdogo. Hakimu akainama, akaokota, akampa. Mtoto akacheka kwa sauti zaidi, kile kicheko cha tumboni kinachoishia kwenye kwikwi. Na mara iliyofuata, watu wote waliona kwamba hakimu alikuwa ameshainama kabla kijiko hakijatoka mkononi.

"Mheshimiwa!" alisema Nyakuo. "Mchezo huu unaharibu vijana. Naomba hukumu."

Yule mzee akanyooka, uso ukarudi kuwa wa kazi, na sauti ilipotoka ilikuwa ya mtu asiyependa anachosema. "Sheria tuliikuta, mama. Mikono yako ilikuwa hewani, mtoto alikuwa mgongoni, kelele ikapigwa. Mwokotaji, mchukue."

Bi Sikudhani alirudi nyuma mpaka mgongo wake, na mtoto mgongoni, ukakaribia nguzo. Akamfikiria Tausi amesimama mahali anatazama njia. "Mzee wangu," alisema, "nitamwambia nini mama yake?" Hakimu akautazama mtungi.

Nyakuo akanyoosha mikono yake mirefu, akamshika mtoto chini ya kwapa, akavuta. Shomari akanguruma. Kijiko akakiachia, ila butu hakuliachia, na ule mkono mwingine ukaruka ukakamata sikio la bibi pamoja na hereni yake.

"Yalaa! Sikio langu!" alipiga yowe Bi Sikudhani. "Vuta polepole wewe, nitabaki kipara!"

Nyakuo akavuta. Mtoto akaja kidogo, na bibi akaja naye. Akavuta tena, wakaja wote wawili.

"Simama," alisema Hakimu Fumbato. Nyusi zake zilikuwa zimepanda. "Mwokotaji. Huyo mtoto anafanya nini?"

"Analia, Mheshimiwa."

"Mdomo analia. Mikono inafanya nini?"

Nyakuo akachungulia. "Imeshika."

"Imeshika nini?"

"Imemshika... bibi."

"Kwa kiganja na vidole?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Vimekunja?"

"Vimekunja. Kimoja nimejaribu kukikunjua, kimenishinda."

"Lakini kelele ilishapigwa," alisema hakimu polepole. "Lazima nijue. Alianza kumshika kabla ya kelele au baada?"

"Kabla!" Sauti ilitoka nyuma ya mlango, na mlango ukasogea, akatokea Kumbatia, jasho linamtoka. "Mimi nimemwona kwa macho yangu! Alikuja kwangu amelala, na butu kalishika! Nikasema hapohapo huyu atakuwa raia mwema! Muulizeni bibi!"

Hakimu Fumbato akasimama. Wanasema kabla ya hapo hakuwahi kusimama kutoa hukumu, kwa sababu ya mtungi.

"Sheria inasema kilichoshikwa ni cha aliyekishika. Mtoto huyu amemshika bibi huyu, kwa kiganja na vidole, tangu kabla ya kelele. Kwa hiyo bibi huyu ni mali ya mtoto huyu. Na mahakama haijawahi kusikia mwenye mali akaokotwa mbele ya mali yake. Mama, nenda zako na mwenyewe wako."

Furaha iliyolipuka mle ndani haikuwa na pa kutokea. Watu walikanyaga chini, walirukaruka, mbuzi alilia mikononi mwa bwana wake. Bi Sikudhani alicheka huku machozi yanamtoka, na Shomari, alipoona kila mtu anacheka, akaona ni yeye amefanya vizuri. Kuna kitu mikono ya hakimu ilitaka kufanya, naye hakukijua jina. Akageuka huku na huku.

"Nishikieni," alisema. "Kidogo tu. Nishikieni mtungi."

Hakuna aliyekuwa na nafasi.

"Uweke chini, mzee wangu," alisema Bi Sikudhani.

"Wapi?"

"Chini. Hapo ulipo."

Mzee akachuchumaa, magoti yakalia, akautua mtungi juu ya udongo. Akabaki ameuzungushia mikono, bila kuugusa, kama mtu anayeota moto. Kisha akaiondoa. Mtungi ukakaa. Haukupasuka, haukukimbia, wala Nyakuo hakupiga kelele, kwa kuwa mdomo ulikuwa wazi na umesahau kazi yake.

Hakimu akapiga makofi. Alipiga vibaya, la kwanza viganja vilipishana kabisa. La pili likalia. Kumbatia akauegemeza mlango kwenye nguzo, akapiga lake. Kitabu kikawekwa chini, kikafunguka chenyewe. Likawa banda zima linapiga makofi, masufuria chini, viatu chini, mbuzi anatafuna ndevu za msomi. Ikachukua muda mpaka mtu akagundua kwamba hata wafungwa walikuwa wanapiga. Wote wakaangalia juu.

Paa lilikuwa palepale. Nguzo zilichimbiwa chini tangu lilipojengwa.

Mambo yaliyofuata niyaseme kwa haki, nisije nikaonekana naisifu nchi ile kupita kiasi. Siku ya pili Baraza lilikutana, na upande mmoja ukataka sheria kwamba kushika kitu chochote ni kosa, vyote vikae chini. Upande wa pili ukataka kila kitu kifungwe mgongoni kwa mbeleko, na wa kwanza kujaribu alikuwa mwenye ngazi, mume wa Kumbatia, akakwama kichochoroni mpaka jioni. Waziri Mkuu alikikalia kiti chake hatimaye, na watu waliomtazama wakaanza kumuuliza sasa anafanya nini. Nyakuo alitafutiwa kazi nyingine. Akapewa kurudisha vitu kwa waliovidondosha, na inasemekana kwa mikono ile hana mpinzani. Kamba ya Taifa iliachiwa na wote wawili kwa pamoja, wakaanguka chali kila mmoja sokoni kwake. Bi Sikudhani aliwaonyesha fundo, wakaifunga kutoka nguzo hadi nguzo, na nchi ile ikaanika nguo kwa mara ya kwanza.

Yeye hakukaa zaidi. Tausi alikuwa anangoja. Walimsindikiza mpaka mwisho wa mji, hakimu mbele, Kumbatia ubavuni, mikono yao inaning'inia kama nguo mpya ambayo mtu hajaizoea.

"Bibi," aliuliza Kumbatia, "ile asubuhi ulipokuja ukatikisa mkono hewani. Tulidhani una kifafa. Ilikuwa nini?"

"Salamu, mwanangu."

"Na ya kuagana ikoje?"

"Ni hiyohiyo."

Akaenda hatua kadhaa, akageuka, akapunga. Wakajaribu. Wengine walitikisa viwiko, mmoja alipunga mguu. Hakimu Fumbato alipunga mikono yote miwili kwa pamoja, hakuacha, akazidi kuwa mdogo kwenye vumbi la njia, mikono bado iko juu.

Shomari aliyaona yote kutoka mgongoni. Akawaza. Kisha vidole vyake vikalegea kwenye butu, kimoja baada ya kingine, mkono ukatoka, ukainuka, ukafumba na kufumbua, kufumba na kufumbua, vile watoto wanavyopunga.

Bi Sikudhani alihisi nywele zake zimekuwa nyepesi ghafla. Hakugeuka, asije akamkatiza. Alitembea taratibu mpaka aliposikia ule mkono mdogo unarudi mahali pake, ndipo akaongeza mwendo kwenda kwa mama wa mtoto.